Kula Mbele ya Mkwe

Simpendi mkwe wangu. Naanza hivyo ili msomaji asijisumbue kunitafutia upole mahali ambapo haupo. Nimefundisha shule ya msingi hadi nikastaafu, nimevumilia watoto wa kila aina na wazazi wao ambao ni wabaya zaidi, lakini huyu mmoja, aliyemwoa binti yangu wa pekee na kumpeleka Ujerumani, alinishinda tangu siku ya kwanza alipokanyaga uwanja wangu pale Ipogolo, Iringa.

Siku hiyo alikuja na wazee wake kutoka Mbeya, mtaa wa Soweto, kujitambulisha. Mimi nilikaa jikoni kama inavyotakiwa. Katika ukoo wetu mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawakaribiani. Hawapeani mkono, hawatazamani usoni, na zaidi ya yote hawali pamoja. Mkikutana njiani yeye anapinda na wewe unapinda, na salamu mnapeana kwa mbali, kila mmoja akitazama upande wake. Wala siyo ugomvi. Ndiyo heshima kubwa kuliko zote tulizonazo. Mwanamume anayekaa kutafuna mbele ya mama aliyemzaa mkewe, kwetu hana tofauti na mtu aliyevua nguo sebuleni.

Basi kijana akauliza choo kiko wapi, akaelekezwa, na badala ya kuzunguka nyumba kwa nje akakatiza jikoni. Akanikuta nimesimama, mwiko mmoja mkononi na mwingine kichwani, akatabasamu meno yote nje. "Shikamoo mama," akasema, akaninyooshea mkono. Nikageukia sufuria. Akabaki ameunyoosha mkono wake hewani, kisha akaucheka mwenyewe na kwenda zake chooni. Mdogo wangu aliyekuwa anamenya viazi aliniambia nisimhukumu mapema, labda hajui. Nilitaka kuamini hivyo.

Imani hiyo ilidumu mpaka siku ya harusi. Nilikwenda kwao Soweto, nikapewa chumba cha nyuma, na asubuhi nikiwa dirishani nikamwona mke wa kaka wa yule kijana akitoka bombani na ndoo kichwani. Mzee wa nyumba, baba wa mkwe wangu, akafungua mlango wa mbele. Yule mwanamke hakusubiri hata amwone vizuri. Akageuka na ndoo yake, akapita kwenye migomba ya jirani, akakanyaga tope mpaka kwenye vifundo vya miguu, akazunguka nyumba nzima ili aingie kwa nyuma. Nikamuuliza mwenyeji wangu kulikoni. Akanieleza kwamba kwao Wanyakyusa anayekimbiwa ni baba mkwe. Mke wa mtoto hamtazami, hapiti alipopita, hata jina lake halitaji. Akashangaa nilivyoshangaa.

Nilifurahi kwa muda mfupi sana, kwamba binti yangu ameolewa na watu wenye adabu. Halafu furaha ikanigeuka. Kumbe huyu kijana amelelewa humo humo. Amemwona shemeji yake akikanyaga tope kwa ajili ya heshima tangu akiwa mdogo. Anajua kabisa mkwe ni kitu gani. Kwa hiyo hakuwa mjinga pale jikoni kwangu. Alikuwa ananidharau.

Kwa miaka saba nilimchukia bila kupumzika. Walihamia Ujerumani, binti yangu akapata kazi ya uuguzi, na kila Jumapili wakinipigia simu ya video lazima yeye aingize uso wake pembeni, shavu limejaa chakula. "Mama, karibu tule." Nilikuwa nailaza simu kifudifudi mezani na kuongea na binti yangu hivyo hivyo, akilalamika kwamba anaona giza tu. Nilimwambia kamera yangu ni mbovu.

Mwaka jana walinitumia tiketi. Nilikwenda na neno moja. Nilitaka binti yangu arudi nyumbani. Nyumba ya Ipogolo ipo, shamba la nyanya kule Ilula lipo na linalimwa na watu baki, hospitali zinatafuta wauguzi, na mimi kisukari kimeshanikalia mwilini nikiwa peke yangu. Mume akitaka kuja naye aje, akitaka kubaki na theluji yake abaki. Nilipanga nimwambie nikimpata peke yake. Hilo tu ndilo lililonipandisha ndege kwa umri wangu, kutalii sikukuhitaji.

Sikumpata. Binti yangu alikuwa anatoka alfajiri na kurudi amechoka, na mume wake zamu yake ilikuwa ya usiku, kwa hiyo binti akirudi mume bado yupo, na mume akitoka binti ameshalala. Siku nne za mwanzo nilikula chumbani nikisingizia uchovu wa safari. Siku ya tano ilikuwa ya kwenda kuninunulia koti, na binti yangu aliahidi tutakwenda wawili. Asubuhi wakamwita kazini.

"Mume wangu atakupeleka," akaniambia akivaa viatu.

"Nitasubiri siku nyingine."

"Mama, umekuja na sweta. Utaumwa. Mwende tu, mtazoeana."

Ile *mtazoeana* niliisikia, nikaipuuza. Nilikuwa na haraka ya kukasirika na mtu mwingine.

Duka lenyewe lilikuwa na ghorofa tano. Chini kabisa ni manukato, na wasichana waliopakwa rangi wanakupulizia bila kukuuliza, nikatoka hapo nikinuka kama bibi harusi. Ghorofa ya pili ni makoti. Baridi la Iringa nalijua, nimeamka mwezi wa saba miaka yote hiyo kwenda kupiga kengele ya shule, sikuona sababu ya kuvaa godoro. Mkwe akawa anachukua koti baada ya koti, analifungua nyuma yangu ili niingize mikono, ananipumulia kisogoni. Kila mara nilimnyang'anya na kulivaa mwenyewe. La kijivu lilinifanya gunia la viazi. Jekundu lilinifanya gunia la viazi lililokwenda kanisani. Akasema nimependeza kwa yote mawili.

Ilipofika saa saba akasema, "Mama, tukale. Juu kabisa kuna mgahawa wa hili hili duka."

Nilidhani atanifikisha, anionyeshe pa kukaa, kisha ajitafutie shughuli. Hivyo ndivyo mkwe yeyote angefanya, hata yule mpumbavu kuliko wote. Kwa hiyo nikaingia chooni, nikajichoma sindano yangu ya insulini. Wenye kisukari wenzangu wanajua: ukishajichoma, lazima ule, tena bila kuchelewa. Usipokula, ile dawa inaishusha sukari iliyobaki mwilini mpaka unaanguka. Niliwahi kuanguka hivyo mara moja darasani, wanafunzi wakadhani ninaigiza.

Mgahawa ulikuwa umejaa. Unachukua sinia, unalisukuma juu ya vyuma, na nyuma ya kioo akina mama wenye kofia nyeupe wanakupakulia unachokionyesha kwa kidole. Sikuonyesha kitu. Mkwe alinichagulia supu ya njegere, viazi vya kupondwa na soseji moja ndefu ya kutisha. Akabeba masinia yote mawili mpaka kwenye meza ndogo dirishani. Meza ya watu wawili, viti vinatazamana. Akanivutia kiti, nikakaa. Akakaa na yeye.

Nilisubiri ainuke. Akachukua kijiko.

"Karibu, mama."

Niliweka mikono mapajani nikatazama nje, kwenye mapaa ya mji wa watu. Yeye akaanza kula. Anakula kwa raha huyo mtu, hilo nimpe, anapuliza supu na kuivuta, na kila baada ya vijiko viwili anainua uso kunitazama kama mwalimu wa mazoezi. Nikamwambia aende akaangalie makoti yasije yakachukuliwa.

"Makoti yapo, mama, hayaendi popote. Kula kwanza."

"Nenda kampigie simu mkeo."

"Yuko wodini saa hizi. Kula, chakula kinapoa."

Dakika zilikuwa zinakwenda na mimi nazihesabu. Midomo ilianza kufa ganzi, na jasho likanitoka kisogoni pale pale alipokuwa ananipumulia. Msomaji wa mjini atasema si ungekula tu. Ipogolo iko mbali, nani angekuona? Ningejiona mimi. Tena nitakuwa mkweli, haikuwa heshima peke yake. Kulikuwa na ubishi. Kama ningekula mbele yake siku ile, miaka yake saba ya kunidharau ingekuwa imeshinda, na mimi ndiye ningekuwa nimempigia makofi.

Yeye akaelewa vingine. Akadhani sijui kutumia uma na kisu. Akainama juu ya sahani yangu, akainamisha na sauti ili asiniaibishe, akasema, "Ngoja nikusaidie," akaanza kunikatia soseji. Akaikata vipande vidogo vidogo, vinavyolingana, kama unavyomkatia mtoto aliyeota meno juzi. Mimi, niliyewafundisha watoto wa wilaya nzima kushika penseli. Nilitamani kumchapa.

Nilijaribu kusimama nihamie meza nyingine, magoti yakakataa. Hakukuwa na meza nyingine vilevile. Mikono ilikuwa inatetemeka, na zile kelele za vijiko na masinia zikaanza kusikika kwa mbali, kama shule ya jirani wakati wa mapumziko. Ndipo alipoacha kula.

"Mama, unatoka jasho. Mama, ulichoma sindano?" Akachukua glasi yake ya juisi, akanisogezea mdomoni kwa mkono wake mwenyewe.

Nikaipiga glasi ile kando. Nusu yake ikamwagika.

"Siwezi kula mbele yako," nikasema. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka. "Mimi ni mama wa mkeo. Kwenu hamna wakwe? Shemeji yako anazunguka nyumba kwenye tope kwa ajili ya baba yako, wewe mimi unanikatia nyama. Ondoka hapa."

Kama angebisha, ningemchukia kwa amani mpaka kaburini. Hakubisha. Alinitazama, na uso wake ukabadilika mara moja, kama mtu aliyekumbuka ameacha jiko linawaka nyumbani. Akageuza uso. Akainuka haraka mpaka kiti kikaanguka, hakukiokota. Akaniwekea glasi karibu na mkono bila kunitazama, akachukua sinia lake, akaondoka ubavu ubavu katikati ya zile meza, akanipa mgongo wote. Nafasi pekee iliyokuwapo ilikuwa mezani kwa mzee mmoja wa Kijerumani aliyekuwa anasoma gazeti. Mzee akavuta gazeti lake kwa hasira. Mkwe akakaa kwa kunipa kisogo na hakugeuka tena, hata mara moja, ingawa nadhani alikuwa anakufa kwa kutaka kujua kama ninakunywa.

Nilikunywa. Nikala supu, nikala viazi, nikala na vile vipande vya soseji. Vilikuwa vimekatwa vizuri, na jambo hilo likanikasirisha zaidi. Watu wa meza za jirani walinitazama kama mama mkorofi aliyemfukuza mtoto wake mezani. Niliwatazama mpaka wakarudi kwenye sahani zao. Mkwe wangu hakugusa chakula chake mpaka nilipomaliza changu.

Tulishuka kwa ngazi za umeme, mimi juu, yeye vidato kumi mbele yangu. Pale kwenye makoti akasimama upande wa pili wa chuma walichotundikia, makoti katikati yetu, akaanza kuzungumza. Alikuwa analiambia koti la bluu.

"Mama, unisamehe. Mimi nilimuuliza mwanao mapema sana, kabla hata sijaleta barua ya posa. Nikamuuliza, kwenu mama mkwe anakaaje? Sisi kwetu tuna haya mambo, nisije nikakosea kwa watu. Akaniambia hamna. Akasema mama amesoma, ni mwalimu, hayo mambo ya kizamani hayataki kabisa. Akasema ukimkimbia ataona unamdharau. Mshike mkono, kaa naye, kula naye, ndiyo atakupenda."

Nikasema, "Alikwambia kula naye?"

"Kila Jumapili, mama. Anaanza kuniita mwenyewe, njoo usalimie, njoo na sahani yako. Mimi ilikuwa inanipa shida sana, nasema basi, labda wenzetu ndivyo walivyo." Akalinyoosha lile koti begani. Halafu akasema, "Ndaga kwa kuniambia." Hiyo ndaga ni asante ya kwao, na nilivyomsikia, alikuwa anashukuru kweli.

Nilishika mkono wa lile koti jekundu nikawa naupapasa bila sababu. Binti yangu amezaliwa Ipogolo. Amemwona baba yake akikaa nje kwenye mvua, chini ya paa la banda la kuku, mpaka bibi yake, mama yangu mimi, amalize kula ndani. Alikuwa akimpelekea sahani yake huko, yeye mwenyewe, akiwa na miaka sita. Anajua. Alijua siku ile nikiwa jikoni na mwiko, alijua kila Jumapili nilipoilaza simu, na alijua asubuhi ile alipokuwa anavaa viatu. Aliamua kunirekebisha, kama wanavyorekebisha mambo ya watu wazima siku hizi, akamtumia mume wake kama kifaa. Na mimi nikamchukia kifaa miaka saba.

Naomba nieleweke, sikumpenda kwa ajili hiyo. Ukishamchukia mtu muda wote huo halafu ukanyang'anywa sababu, unamchukia kwa kukuonyesha kwamba hukuwa nayo. Nilichukua koti jekundu. Kwenye treni alikaa behewa lile lile lakini mwisho kabisa, akitazama mlango, na kituo chetu kilipofika alinipungia mkono kwa nyuma bila kugeuka ili nijue ni hapa.

Binti yangu alirudi mapema siku ile, na mume wake alikuwa na mapumziko. Binti akapika wali na maharage ya nazi, kwa ajili yangu, akaandaa meza ya jikoni. Sahani tatu. Mume wake akaingia, akaona nimeshakaa, akachukua sahani yake kwa heshima, akatoka kinyumenyume, macho sakafuni, mpaka chumbani, akafunga mlango.

Binti yangu akautazama ule mlango. "Umemwambia nini?"

"Nilichotakiwa kuambiwa na wewe."

"Mama, hapa siyo Ipogolo."

"Najua. Ndiyo maana ulimdanganya huku ukidhani sitajua."

Akasema kwamba hakudanganya, kwamba alitaka tu tuwe kama watu wengine, tukae meza moja tucheke. Akasema alichoka kumwona baba yake kwenye banda la kuku. Akasema hayo bila kunitazama, akipanga vijiko ambavyo vilikuwa vimeshapangwa. Nilimsikiliza. Yawezekana mtu mwingine angemwonea huruma pale, na mimi ningeweza kumwonea kesho yake. Lakini nilikuwa nimempata peke yake kwa mara ya kwanza tangu nifike, mlango umefungwa, na neno langu lilikuwa limenikaa kooni siku tano.

"Rudi nyumbani na mimi," nikamwambia. "Nyumba ni yako. Kazi ipo. Mimi ninaanguka anguka peke yangu kule. Njoo ukae na mama yako."

Hakushangaa. Alinitazama sasa, muda mrefu, kwa yale macho anayotumia wodini nadhani, na nikaona ameshajua siku nyingi kwamba nimekuja kusema hivyo.

"Mama," akasema, "mume wangu anakula peke yake."

Akachukua sahani yake, akachukua na chumvi, akaenda.